Barua Moja, Wasomaji Wawili: Kuomba Data kwa Serikali za Mitaa na Kukata Rufaa Ukinyimwa

Ndugu washiriki, habari za asubuhi.

Nianze na barua ambayo haiishi kufika kwenye ofisi za halmashauri, kaunti na manispaa: "Naomba data zote za leseni za biashara." Aliyeiandika ana haki, na sheria iko upande wake. Hata hivyo barua itakwama. Anayeipokea hajui kama anaombwa karatasi, ripoti ya mwaka, faili la kompyuta au orodha ya majina, na mtu asiyejua anachoombwa huiweka barua chini ya nyingine. Miezi miwili baadaye mwombaji anakwenda kulalamika, na huko anakutana na swali lilelile: hasa ulinyimwa nini?

Neno langu la leo ni hilo. Barua ya kuomba data ina wasomaji wawili. Wa kwanza ni afisa atakayeifungua. Wa pili ni yule atakayeketi kuamua rufaa: kamishna, hakimu, mpitiaji wa ndani, kutegemea nchi. Huyu wa pili hakujui, hatakupigia simu akuulize ulimaanisha nini, na mbele yake hana kitu ila faili. Mwandikie yeye tangu siku ya kwanza. Ukimridhisha huyo, wa kwanza naye atakuelewa.

Tuipitie sheria kwa haraka. Haki ya kuona kumbukumbu za serikali si ngeni: Sweden iliiandika katika sheria mwaka 1766. Kenya iliiweka kwenye Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, kisha Bunge likatunga sheria yake mwaka 2016. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka huohuo, Uganda ilikwisha tangulia mwaka 2005, na Afrika Kusini mwaka 2000. Unapoisoma sheria ya kwenu, usianze na dibaji yake nzuri. Tafuta mambo matatu makavu: haki ni ya nani, sheria inafika ngazi gani ya serikali, na afisa amepewa siku ngapi.

Kenya, Tanzania na Uganda zimewapa haki hii raia, kwa hiyo sema kwenye mstari wa kwanza kwamba wewe ni raia, kisingizio hicho kife mapema. Uingereza na Afrika Kusini hazimuulizi mwombaji uraia wake. Marekani ndiko wengi hupotea njia. Sheria yao maarufu ya 1966 inazihusu idara za serikali kuu peke yake. Anayetaka data za jiji anatumia sheria ya jimbo, na kila jimbo lina yake. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kwamba jimbo linaweza kuibakiza haki hiyo kwa watu wake tu. Ukitaja sheria isiyohusika, umempa afisa jibu rahisi la kukukataa, tena jibu sahihi.

Kuhusu siku: Kenya na Uganda ni 21, Tanzania na Afrika Kusini ni 30, Uingereza ni 20 za kazi. Angalieni maneno "za kazi", maana siku 20 za kazi ni karibu mwezi mzima. Kenya afisa anaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, na jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, anatakiwa kujibu ndani ya saa 48.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na kazi hii huanza kabla ya kalamu kugusa karatasi. Huwezi kuomba jedwali usilojua kwamba lipo. Sheria nyingi zinakupa kumbukumbu zilizopo. Hazimlazimishi afisa kukufanyia utafiti wala kukujibu "kwa nini". Ukiuliza "Kwa nini takataka hazizolewi katika kata yetu?" umeomba maoni. Ukiomba ratiba ya magari ya taka na kumbukumbu za safari zake kwa miezi sita, umeomba kitu kilicho kwenye kabati au kwenye mfumo.

Utajuaje kilichomo kabatini? Chukua fomu tupu. Fomu ya kuomba leseni, ya kibali cha ujenzi, ya kuunganishiwa maji, ya kulipia meza sokoni. Kila kisanduku kinachojazwa kwenye fomu ile, kuna mahali kinaingizwa, na mahali hapo ni safu ya jedwali. Risiti pia husema mengi: namba ndefu iliyo juu yake, msimbo wa aina ya malipo, jina la mfumo uliochapisha. Soma ripoti za mkaguzi wa hesabu wa serikali, maana mkaguzi anapolalamika kwamba makusanyo kwenye mfumo hayalingani na ya benki, amekutajia mfumo na amekuthibitishia kwamba mfumo huo una rekodi za kila muamala. Soma nyaraka za zabuni. Ofisi iliponunua programu ya kukusanya mapato, iliandika kwa kirefu programu hiyo itunze nini na itoe ripoti gani. Mara nyingi utakuta humo sharti kwamba mfumo uweze kutoa data kwenye lahajedwali, yaani faili la jedwali kama la Excel. Weka ukurasa huo pembeni. Siku afisa atakapoandika kwamba mfumo hauwezi, utauambatanisha.

Njia nyingine, ambayo watu huiona ya kizembe lakini inafanya kazi: omba kwanza orodha. Ombi fupi la majina ya mifumo na rejista zinazotunzwa na idara fulani, pamoja na majina ya safu zake, halafu ombi la pili la data yenyewe. Linachukua muda zaidi. Tahadhari moja: majina ya safu katika lugha ya kawaida hutolewa kwa urahisi kuliko ramani ya kiufundi ya hifadhidata. Jimboni Illinois, kesi ya kuomba muundo wa hifadhidata ya idara ya fedha ya jiji la Chicago ilifika hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 2023 mahakama ikaamua kwamba mpangilio wa mafaili umekingwa na sheria yao, iwe kuutoa kuna hatari au hakuna. Basi usiombe "muundo wa hifadhidata" pale unapoweza kuomba "maelezo ya kila taarifa inayowekwa kwa kila leseni". Kwako manufaa ni yaleyale, na afisa hapati mlango wa kukukataa kwa hoja ya usalama wa mifumo.

Barua yenyewe isipite ukurasa mmoja. Nitasoma kiini chake polepole, mnaotaka kuandika andikeni:

"Mimi ni raia, na naomba taarifa zifuatazo chini ya sheria ya kupata taarifa. Naomba nakala ya kielektroniki ya kumbukumbu za leseni zote za biashara zilizotolewa kuanzia tarehe 1 Julai 2023 hadi tarehe 30 Juni 2024, kama zilivyo kwenye mfumo mnaotumia kutoa leseni, kila leseni katika mstari wake. Kwa kila leseni naomba namba ya leseni, aina ya biashara, kata, tarehe ya maombi, tarehe ya kutolewa, ada iliyotozwa, ada iliyolipwa, na hali ya leseni. Siombi namba za vitambulisho, namba za simu wala anwani za makazi. Naomba faili liwe CSV au lahajedwali, lisiwe PDF wala picha ya karatasi. Naomba pia maelezo ya maana ya kila safu na ya misimbo iliyotumika. Endapo mtazuia sehemu yoyote, naomba mnipe iliyobaki, na mtaje kifungu cha sheria kwa kila kilichozuiwa."

Hakuna neno la bure humo. Tarehe mbili zinafunga mipaka. Bila hizo ombi linaweza kukataliwa kwa kuwa kubwa mno. "Kama zilivyo kwenye mfumo" inazuia hoja kwamba unataka kutengenezewa kitu kipya. "Kila leseni katika mstari wake" inakukinga na jedwali la jumla: bila maneno hayo utaletewa karatasi inayosema kata fulani ilitoa leseni 412, basi, na ombi lako litahesabika limejibiwa. Ada iliyotozwa na iliyolipwa zimetenganishwa kwa makusudi, kwa sababu ukisema "ada" tu utapewa ile inayopendeza.

Sentensi ya "siombi" ndiyo watu huiacha, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Sababu inayotajwa upesi katika kukataa ni siri za watu binafsi. Ukizitoa namba za simu na vitambulisho mwenyewe kabla hujaambiwa, msomaji wa pili ataona kwamba hoja hiyo ilijibiwa siku ya kwanza, na afisa aliyeirudia hakuisoma barua.

Kuhusu CSV, yaani faili la maandishi matupu ambamo safu hutenganishwa kwa koma. Afisa anaweza kukuletea PDF kwa nia njema kabisa, akiamini amekusaidia kwa sababu inafunguka kwenye simu. Jedwali la kurasa 300 lililopigwa picha halihesabiki. Itabidi mtu alichape upya, na kila anayechapa hukosea. Uingereza ililiona hilo, na sheria iliyopitishwa mwaka 2012 ikaongeza kifungu kinachohusu seti za data: mwombaji akitaka kwa njia ya kielektroniki, ofisi impe, kadiri inavyowezekana, katika umbo linaloweza kutumika tena. Mahali ambapo sheria haisemi hivyo kwa uwazi, tafuta kifungu kinachompa mwombaji haki ya kuchagua namna ya kupewa. Na ukumbuke kusema gharama: faili la kompyuta halina karatasi wala wino. Nchini Kenya kuwasilisha ombi ni bure, na ada hairuhusiwi kuzidi gharama halisi ya kunakili na kukufikishia. Ukitajiwa ada kubwa, omba mchanganuo wake kwa maandishi. Sitasema zaidi juu ya ada, maana ada ni nadra kuwa tatizo lenyewe. Mara nyingi ni njia ya kukuchosha.

Jambo dogo lakini zito: data moja, barua moja. Ukiweka leseni, vibali vya ujenzi, maegesho na mapato ya soko kwenye barua moja, ile iliyo ngumu itazishikilia zile rahisi. Zitenge, kila moja na tarehe yake na namba yake ya kumbukumbu.

Usieleze kwa nini unazitaka, isipokuwa kama sheria yenu inadai. Sheria ya Kenya inasema wazi kwamba sababu za mwombaji, au zile afisa anazodhani kuwa ni zake, haziathiri haki yake. Ukijieleza sana unamkaribisha afisa apime kama sababu yako inafaa, na hiyo si kazi aliyopewa. Hata fomu isikutishe. Kwa Kenya tena, ombi haliwezi kukataliwa kwa sababu tu hukutumia fomu ya ofisi, na linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma na kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, afisa ndiye aandike.

Peleka barua masijala, nakala mbili. Moja ibaki, nyingine irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukituma kwa barua pepe, tuma kwa anwani rasmi ya ofisi, jitumie nakala, na usifute jibu la mashine linalosema ujumbe umefika. Hesabu zote za siku zitaanzia hapo. Barua aliyopewa mtu mkononi kwenye ngazi, hata awe mkurugenzi mwenyewe, mbele ya msomaji wa pili haijawahi kufika.

Kisha unasubiri, na hapa ndipo maombi mengi mazuri hufa. Kukataliwa waziwazi kuna nafuu, maana kunakupa kitu cha kukatia rufaa. Kinachoua ni ukarimu. "Njoo wiki ijayo." "Mhusika yuko likizo." "Tunaziandaa." Kila jibu la namna hii ni la adabu, huenda hata ni la kweli, na kila moja linakula siku zako za rufaa huku ukipigwa danadana. Sheria nyingi zinahesabu ukimya kuwa ni kukataa: Kenya, siku zikipita bila jibu, ombi linachukuliwa limekataliwa. Mwombaji anayesubiri wiki ijayo mara nane anaamka siku moja muda wa kukata rufaa umekwisha, na hana karatasi hata moja ya kuonyesha.

Dawa yake ni ndogo. Baada ya kila simu na kila ziara, andika barua pepe ya mistari mitatu siku hiyohiyo: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba faili litakuwa tayari tarehe fulani. Ombi langu la tarehe fulani, namba fulani, bado linaendelea." Hiyo si kutishia mtu. Unaijaza faili ya msomaji wa pili. Na kwenye kalenda weka tarehe mbili, ya mwisho ya jibu na ya mwisho ya rufaa, ukiihesabu ya pili kana kwamba ulikataliwa siku ileile tarehe ya kwanza ilipopita.

Basi umekataliwa. Soma jibu kwa utulivu, kwa sababu kila aina ya kukataa ina jibu lake, na rufaa ya hasira iliyoandikwa kwa jumla haigusi hata moja.

"Hatuna taarifa hizo." Kwanza uliza walitafuta wapi: mfumo gani, idara gani, nani aliyetafuta, kwa maneno gani. Wakati mwingine ni kweli hawana, ziko kwa mkandarasi anayeendesha mfumo. Lakini kilichotunzwa na mkandarasi kwa niaba ya ofisi kwa kawaida ni cha ofisi. Sheria ya Uingereza inasema hivyo moja kwa moja. Soma mkataba au zabuni uone data ni mali ya nani. Ikiwa ziko kwenye ofisi nyingine ya umma, ombi lako linatakiwa kuhamishwa. Kenya wana siku 5 za kufanya hivyo.

"Itabidi tutengeneze kumbukumbu mpya." Hii ndiyo hoja kongwe ya data, na ina ukweli nusu. Kumwomba afisa achambue, apime na atoe hitimisho ni kutengeneza. Kuuamuru mfumo utoe mistari iliyomo ndani yake ni kutafuta, sawa na kufungua droo. Kamishna wa taarifa wa Uingereza hutumia kipimo kinachofaa popote: kama matofali yapo, na kuyapanga hakuhitaji utaalamu wa hali ya juu wala uamuzi wa kitaaluma, taarifa ipo. Hapa ndipo ule ukurasa wa zabuni unapotoka pembeni.

"Kazi ni kubwa mno." Omba makadirio: saa ngapi, za kufanya nini. Halmashauri za Uingereza zinaweza kukataa ombi likipita saa 18 za kazi, na kwa sababu kikomo kina namba, ofisi inalazimika kuonyesha hesabu. Hata pasipo na namba, omba hesabu. Makadirio ya dakika tano kwa kila leseni yanaonyesha kwamba mtu amepanga kuzifungua moja moja kwenye skrini, wakati mfumo unazitoa zote kwa amri moja. Pendekeza wakutolee sampuli ya mistari 100 kwanza, na kama kweli ni kubwa, punguza miaka, usipunguze safu. Mwaka mmoja wenye safu zote una thamani kuliko miaka mitano ya majina matupu.

"Ni siri za watu." Msiichukulie hoja hii kama hila siku zote. Mwaka 2014 data za safari za teksi za New York, zaidi ya milioni 170 za mwaka 2013, zilizotolewa kwa ombi la aina hii hii, zilikuwa na namba za magari na madereva zilizofichwa kwa MD5, njia ya kompyuta ya kugeuza namba kuwa msimbo. Namba hizo zina mpangilio unaojulikana, kwa hiyo mtu akazikokotoa zote zinazowezekana na kuufungua msimbo kwa muda mfupi tu. Afisa anayeogopa jambo hilo ana sababu. Jibu lako ni kumpa njia: safu za majina zifutwe kabisa badala ya kufichwa, namba za utambulisho zibadilishwe kwa namba za kubahatisha zisizotokana na zile za asili, mahali pawe kata badala ya nyumba, tarehe iwe mwezi. Halafu simama imara mahali palipo pako: leseni ya kampuni, zabuni iliyoshinda na ada ya umma si siri ya mtu binafsi.

"Ni siri ya biashara." Uliza ni ya nani, na madhara gani yatampata. Bei ambayo umma umekwisha kuilipa ni vigumu kuitetea kama siri. Fomula ya ndani ya programu ni jambo jingine, nawe huihitaji.

"Ziko kwenye tovuti." Nenda uangalie, piga picha ya skrini yenye tarehe. Mara nyingi kilichopo ni jumla ya mwaka. Jibu kwa sentensi moja: niliomba kila leseni katika mstari wake.

Rufaa ina njia tofauti kila nchi, na kukosea mlango kunapoteza siku. Kenya unapeleka maombi ya mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30 tangu kuarifiwa uamuzi, na asiyeridhika na amri ya Tume anakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 21. Uganda lalamiko linapelekwa kwa hakimu mkuu. Afrika Kusini uamuzi wa manispaa una rufaa ya ndani, siku 60, ambayo hupaswi kuiruka. Uingereza unaanza na mapitio ya ndani, kisha kamishna, kisha baraza la rufaa ndani ya siku 28. Jimbo la California halina rufaa ya kiutawala ya ombi la aina hii, ni mahakamani moja kwa moja. Soma sehemu hii ya sheria yenu kabla ya kuandika ombi la kwanza.

Barua ya rufaa iwe na kurasa mbili, viambatisho nyuma. Anza na tarehe peke yake, kwa mpangilio: nimeomba, imepokelewa, nimefuatilia, nimejibiwa au sikujibiwa. Fuata kwa kunukuu sababu ya afisa kwa maneno yake mwenyewe, kisha chini yake jibu lako, sababu moja baada ya nyingine. Usiongeze sababu ambazo hakuzitoa. Si kazi yako kumsaidia. Kumbusha kwamba anayezuia ndiye wa kuthibitisha. Kama alizuia faili zima kwa sababu ya safu mbili, dai kutenganishwa: zizuiwe hizo mbili, nyingine zitoke. Na omba orodha ya kila kilichozuiwa pamoja na sababu yake. Huko Marekani orodha kama hiyo ilitokana na kesi ya Vaughn ya mwaka 1973, kwa hoja nyepesi tu kwamba mwombaji hawezi kupinga asichokiona. Malizia na unachotaka kiamriwe: faili gani, safu zipi, umbo gani, ndani ya siku ngapi. Rufaa inayoishia na "naomba haki itendeke" humwachia mwamuzi kazi ya kukutafutia haki hiyo, naye ana mafaili mengine.

Maneno ya kumshutumu afisa kwa rushwa au hila yaache nje hata kama unayaamini. Huyo msomaji wa pili haamui tabia ya mtu. Akiyakuta atalazimika kuyauliza, na swali la data litasogea nyuma.

Nimalizie na siku faili linapofika, maana wengi hushangilia mapema. Hifadhi nakala ya asili na usiiguse kamwe. Fanyia kazi nakala nyingine. Kisha hesabu mistari. Ikiwa imekoma kwenye 65,536 au 1,048,576, usifurahie wingi wake: hivyo ni vikomo vya lahajedwali, la zamani na la sasa, na kilichozidi kimekatwa bila onyo. Mwaka 2020 huko Uingereza visa 15,841 vya Covid viliachwa nje ya hesabu za kila siku kwa kikomo cha aina hiyo. Tazama namba zilizoanza na sifuri, kama namba za viwanja. Lahajedwali huila sifuri ya mbele. Tazama tarehe: 03/04 ni Aprili au Machi? Ukiona tarehe zilizosomeka hazina siku inayozidi 12, na nyingine zimegeuka maandishi, siku na mwezi vimechanganywa. Linganisha jumla ya ada na ile iliyo kwenye ripoti ya mkaguzi.

Fungua pia karatasi zilizofichwa ndani ya faili. Agosti 2023 polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la kawaida kwa lahajedwali, na ndani yake kulikuwa na karatasi iliyofichwa yenye majina ya watumishi wao wapatao 10,000. Ukikuta kitu kama hicho, usikisambaze wala usikichapishe. Iarifu ofisi kwa maandishi na uombe faili safi, kwa namba ileile ya ombi.

Na ukikuta safu moja uliyoiomba haimo, au miezi miwili haipo, bila kifungu chochote kutajwa, huko ni kukataliwa kwa sehemu. Andika siku hiyohiyo kuitaja safu hiyo na miezi hiyo, na ufungue tena kalenda, maana siku za rufaa zimeanza kuhesabika tangu ulipopokea faili.